Timu ya Taifa na Majirani Zake: Kandanda ya Tanzania Katika Mashindano ya Afrika

Watu wanapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zao huelekea kwenye ngoma, mashairi, hadithi za wazee na vinyago vya Wamakonde. Kandanda haitajwi, au ikitajwa hutajwa mwishoni kwa sauti ya chini, kwa sababu ililetwa na wageni. Hoja hiyo ni dhaifu. Taarabu nayo ina asili ya ng'ambo, na hakuna leo anayethubutu kusema kwamba si yetu. Jambo likishikwa na watu kwa vizazi kadhaa, wakalipa msamiati wao, ugomvi wao na mazishi yao, limekwisha kuwa la kwao. Serikali yenyewe ililitambua jambo hilo mapema: Jamhuri ilipotangazwa Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Baraza la Michezo la Taifa.

Makala haya yanaeleza safari ya timu yetu ya taifa, Taifa Stars, katika mashindano ya kimataifa. Safari hiyo imezoeleka kusimuliwa kwa namna moja tu. Husemwa kwamba tulikwenda Lagos mwaka 1980, kisha tukangoja miaka 39, kisha tukaenda Cairo. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaacha nje jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Timu yetu ilizaliwa, ikalelewa na ikapimwa na majirani. Milango miwili ya kwanza iliyoipeleka kwenye fainali za Afrika ilifunguliwa katika michezo dhidi ya jirani, na ilipofika huko ndani, mara zote ilipokaribia kushinda, aliyesimama mbele yake alikuwa jirani.

Asili ya uhusiano huo ni Kombe la Gossage. Kombe hilo lilianza kushindaniwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, na jina lake lilitokana na kampuni ya Waingereza iliyotengeneza sabuni. Huenda msomaji akacheka kwamba historia ya kandanda ya Afrika Mashariki ilianzia kwenye kipande cha sabuni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mfanyabiashara alitaka jina lake litajwe viwanjani, na watu wakaupokea mchezo wakamwachia sabuni yake. Tanganyika iliingia mwaka 1945, Zanzibar ikafuata mwaka 1949. Mwaka huohuo wa 1949 Tanganyika ilitwaa kombe kwa mara ya kwanza, ikalitwaa tena mwaka 1950 na 1951. Baada ya hapo ilikaa muda mrefu bila kitu, hadi ilipolipata tena mwaka 1964 na 1965, nchi ikiwa imekwisha kuwa huru na imekwisha kuungana na Zanzibar.

Kwa mchezaji wa wakati ule, mchezo wa kimataifa ulikuwa na maana moja: kupambana na Kenya, Uganda au Zanzibar. Uganda ndiyo iliyolitwaa kombe hilo mara nyingi kuliko wote, na kwa hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo. Wachezaji wetu walijifunza namna ya kuwakabili watu wanaowafahamu kwa majina, wanaosema lugha yao, ambao mwaka uliotangulia walikula nao wali baada ya mchezo. Hilo lilikuwa jambo jema la udugu. Lilikuwa na upungufu wake pia, nao tutauona mbele.

Mwaka 1967 shindano lilibadilishwa likawa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, na uwanja wa majirani ukapanuka. Zambia, Malawi na wengineo wakaingia. Mwaka 1974 Tanzania ilikuwa mwenyeji, na mbele ya watu wake Dar es Salaam iliishinda Uganda katika fainali kwa mikwaju ya penalti. Mwaka huo ulikuwa wa neema, kwani klabu ya Simba nayo ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti vilevile. Tangu hapo taji la Chalenji limerudi Tanzania Bara mara mbili tu: mwaka 1994 mjini Nairobi, ambako Uganda ilishindwa tena kwa penalti, na mwaka 2010 mjini Dar es Salaam, tulipoifunga Côte d'Ivoire iliyoalikwa kama mgeni, kwa bao moja la penalti la Shadrack Nsajigwa. Katika mataji hayo matatu, hakuna hata moja lililopatikana pasipo mpira kuwekwa kwenye alama ya penalti. Sidhani kama jambo hilo lina siri yoyote, ila linaonyesha jinsi tofauti yetu na wenzetu ilivyokuwa nyembamba.

Hapa inafaa kusema neno juu ya Zanzibar. Katika Chalenji, Zanzibar huleta timu yake yenyewe, na mwaka 1995 mjini Kampala ilitwaa kombe, jambo ambalo Wazanzibari wana haki ya kulikumbusha kila mara. Lakini katika mashindano ya Afrika nzima na ya dunia, Bara na Visiwani ni timu moja. Machi 2017 Shirikisho la Kandanda la Afrika liliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, kisha Julai ya mwaka huohuo likaubatilisha uamuzi wake kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili. Hivyo, mchezaji wa Unguja anaweza kucheza dhidi ya mwenzake wa Tanga katika mwezi mmoja, na mwezi unaofuata wakavaa jezi moja. Katika nchi nyingine hali hiyo ingeleta utatanishi. Kwetu imekuwa jambo la kawaida, na timu imefaidika nayo.

Sasa tufike mwaka 1979. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na Kampala ilianguka Aprili 1979. Hazina ilikuwa imekauka, na bidhaa za kawaida zilianza kuadimika madukani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu mwaka 1977, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Katika hali hiyo, Timu ya Taifa ilikuwa inawania nafasi ya kwenda kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikwisha kuiondoa Mauritius. Aliyebaki njiani alikuwa Zambia.

Zambia haikuwa jirani wa kubezwa. Timu yao ilijulikana wakati ule kwa jina la Rais Kaunda, na mwaka 1974 ilikuwa imefika fainali ya Afrika. Kisiasa nchi zetu mbili zilikuwa kama mtu na nduguye: reli ya TAZARA ilikuwa imekabidhiwa mwaka 1976, na bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa likifanya kazi tangu mwaka 1968. Bomba hilo huanzia Dar es Salaam na huishia Ndola. Huko Ndola, mwisho wa bomba, ndiko mchezo wa marudiano ulikochezwa Agosti 1979. Tanzania ilikuwa imeshinda nyumbani kwa bao 1 kwa 0. Zambia ilipata bao, na ikawa kana kwamba kazi yote ya Dar es Salaam imefutwa. Zikiwa zimebaki dakika chache, Peter Tino akasawazisha. Mchezo ukaisha 1 kwa 1, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza.

Bao la Peter Tino limeishi kuliko mabao mengi yaliyofungwa baada yake, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba wengi hawakuliona. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Habari za Ndola, na baadaye za Lagos, zilifika kwa redio na kwa magazeti. Bao lililosikika haliwezi kurudiwa kwenye kioo na kupatikana na dosari. Kila msikilizaji hulichora kichwani kwa kadiri ya mapenzi yake, kisha humsimulia mwanawe. Kwa njia hiyo kikosi cha mwaka 1980 kiliingia katika fasihi simulizi. Majina yake yalitamkwa kama mtu anavyotaja ukoo: Juma Pondamali langoni, Jellah Mtagwa, Leodegar Tenga, Mohamed Kajole, Hussein Ngulungu, Omari Hussein, Juma Mkambi aliyeitwa Jenerali, Thuwein Ally, Mohamed Rishard Adolf. Waalimu wao walikuwa Slawomir Wolk wa Poland na Joel Bendera. Tenga baadaye aliongoza shirikisho letu la kandanda, tangu mwaka 2004 hadi 2013. Bendera akawa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa.

Fainali za Lagos zilikuwa na timu 8 tu. Uwanja ulikuwa uleule ambako Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Afrika ya mwaka 1973. Kwa wenye kumbukumbu ndefu palikuwa na jambo jingine pia: mwaka 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, na Lagos haikuwa imesahau. Machi 8, 1980, mbele ya umati mkubwa, Nigeria ilitufunga 3 kwa 1, bao letu likifungwa na Mkambi. Machi 12 Misri ilitufunga 2 kwa 1. Thuwein Ally alifunga karibu na mwisho. Machi 15 tulitoka sare ya 1 kwa 1 na Côte d'Ivoire, na mfungaji alikuwa tena Thuwein Ally, aliyesawazisha kipindi cha pili. Michezo mitatu, pointi moja. Nigeria ikaendelea hadi kulitwaa kombe.

Tazama matokeo hayo vizuri. Timu ya watu wa ridhaa, kutoka nchi iliyotoka vitani mwaka uliotangulia, ilifunga bao katika kila mchezo dhidi ya vigogo watatu wa Afrika. Hapakuwa na aibu. Wachezaji walirudi nyumbani na kupokewa kwa heshima, na kila mtu aliamini kwamba huo ulikuwa mwanzo.

Haukuwa mwanzo. Sitaieleza moja moja miaka iliyofuata, maana hakuna faida kuorodhesha vipigo. Yatosha kusema kwamba Rais Ali Hassan Mwinyi ndiye aliyeupata mfano uliodumu, aliposema kwamba timu yetu imekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa hujifunzia hapo. Watu walicheka, kisha wakaurudia kwa miaka mingi hata ukawa kama methali. Mfano huo ulikuwa mkali, lakini haukusema kwa nini kichwa kilikuwa wazi kunyolewa.

Sababu zilikuwapo nyingi, na waandishi wengine wamekwisha kuzitaja: fedha, viwanja, ugomvi wa viongozi. Mimi naongeza moja. Mapenzi ya kandanda nchini yaligawanywa na Yanga na Simba, klabu zilizoanza mwaka 1935 na 1936, kiasi kwamba Timu ya Taifa ilibaki na makombo. Mtu aliweza kulia siku nzima kwa sababu klabu yake imefungwa, na siku iliyofuata akaisikia Taifa Stars imefungwa akaendelea kunywa kahawa yake. Tena, aliangalia kwanza ni mchezaji wa klabu gani aliyekosea. Hali hiyo haikuwapo Zambia, wala haikuwapo kwa ukali huo Uganda.

Kulikuwa na nyakati za matumaini. Mwaka 2007 ulifunguliwa uwanja mpya wa Dar es Salaam, wenye kuchukua watu 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China na ambao tangu mwaka 2020 unaitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa. Kocha Márcio Máximo kutoka Brazil aliwafundisha watu kuvaa rangi za taifa na kuja uwanjani kwa ajili ya taifa, na kwa hilo anastahili shukrani kuliko kwa matokeo yake. Mwaka 2009 alitupeleka Côte d'Ivoire kwenye fainali za kwanza za mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani. Tulifungwa na Senegal 1 kwa 0, tukawafunga wenyeji 1 kwa 0 kwa bao la Mrisho Ngassa, na ikabaki Zambia. Tuliongoza. Dakika za mwisho kabisa Zambia ikasawazisha, ikafuzu yenyewe na Senegal, sisi tukarudi nyumbani. Namwomba msomaji aushike mchezo huo akilini.

Machi 24, 2019 jirani alitufungulia mlango tena. Uganda ilikuja Dar es Salaam ikiwa imekwisha kufuzu. Sisi tulikuwa tumefungwa na Lesotho miezi minne nyuma, na tulihitaji ushindi pamoja na msaada wa Cape Verde, ambayo siku hiyo ilikuwa inacheza na Lesotho. Simon Msuva alifunga, Erasto Nyoni akafunga kwa penalti, Aggrey Morris akafunga la tatu. Huko Praia mchezo ukaisha bila bao. Miaka 39 ikawa imekwisha, na kocha aliyekuwapo, Emmanuel Amunike, alikuwa mtu wa Nigeria, nchi ileile ambako safari ya kwanza iliishia.

Fainali zilikuwa Misri, sasa zikiwa na timu 24. Kundi letu lilikuwa na Senegal, Algeria na Kenya. Senegal ilitufunga 2 kwa 0 na Algeria 3 kwa 0. Hizo ndizo timu mbili zilizokutana baadaye katika fainali, kwa hiyo sioni la kujilaumu sana. Mchezo uliouma ulikuwa wa Juni 27 dhidi ya Kenya. Msuva alifunga dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na kabla Wakenya hawajamaliza kushangilia, Mbwana Samatta akafunga la pili. Tulikwenda mapumziko tukiongoza 2 kwa 1. Dakika ya 62 Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga akatumaliza. Samatta, aliyekuwa bingwa wa Afrika akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2015 na bingwa wa Ubelgiji akiwa na Genk mwezi mmoja tu kabla, alitoka uwanjani kama kijana wa shule aliyepoteza vitabu.

Mara ya pili hatukungoja muda mrefu. Septemba 2023 tulitoka sare bila bao na Algeria kwao, tukafuzu kwenda Côte d'Ivoire. Huko, Januari 2024, Morocco ilitufunga 3 kwa 0, na kocha wetu Adel Amrouche akafungiwa na shirikisho la Afrika kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco. Aliyeshika nafasi yake ni Hemed Suleiman wa Zanzibar, ambaye kwa miaka mingi amejulikana kwa jina la utani la Morocco. Mambo kama hayo huwezi kuyatunga. Januari 21 tulicheza na Zambia. Msuva alifunga dakika ya 11. Dakika ya 44 Zambia ikabaki na watu 10 baada ya mmoja wao kutolewa nje. Tulikuwa mbele, na tulikuwa wengi. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Siku tatu baadaye tulitoka bila bao na Kongo, jirani wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na safari ikaishia hapo kwa pointi mbili.

Mwaka 2025 ulikuwa wa namna nyingine. Mwezi Agosti, Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa kwa pamoja fainali za wachezaji wa ligi za ndani. Timu yetu, chini ya Hemed Suleiman, ilizifunga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar, ikatoka bila bao na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na ikaongoza kundi lake. Katika robo fainali ilifungwa bao 1 kwa 0 na Morocco, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe. Uwanja wa Mkapa ulijaa watu waliokuja kwa ajili ya taifa, na waliokaa pamoja bila kugawanyika kwa rangi ya njano na nyekundu. Aliyekuwapo miaka ya 1990 angedhani ameingia nchi ya watu wengine.

Desemba hiyohiyo tukawa Morocco kwa fainali za nne za Kombe la Mataifa, tukiongozwa sasa na Miguel Gamondi wa Argentina. Desemba 23 Nigeria ilitufunga 2 kwa 1. Charles M'Mombwa, kijana wetu aliyelelewa Australia, alisawazisha dakika ya 50, na dakika mbili tu baadaye Ademola Lookman akairudisha Nigeria mbele. Desemba 27 ikawa zamu ya Uganda, jirani wa tangu siku za sabuni. Msuva alifunga kwa penalti dakika ya 59. Dakika ya 80 Uchenna Ikpeazu akasawazisha kwa kichwa. Katika dakika za nyongeza Uganda ikapewa penalti, mpira ukapaa juu ya lango, na sare ikabaki. Desemba 30 tulicheza na Tunisia, ambayo ilitangulia kwa penalti. Mara baada ya mapumziko Feisal Salum, kijana wa Zanzibar, akasawazisha. Pointi mbili hizo zilitosha kutuvusha kwenda hatua ya timu 16, kwa kuwa Angola nayo ilikuwa na pointi mbili lakini imefunga bao moja pungufu. Kwa hesabu hiyo, bao la M'Mombwa katika mchezo tuliofungwa ndilo lililotupeleka tusikowahi kufika. Januari 4, 2026, mjini Rabat, wenyeji Morocco walitufunga 1 kwa 0 kwa bao la Brahim Díaz, baada ya mchezo ambao uliwatoa jasho.

Basi tuzikusanye hesabu. Katika fainali nne za Kombe la Mataifa ya Afrika Tanzania imecheza michezo 13. Imefungwa 8, imetoka sare 5, haijashinda hata mmoja. Imefunga mabao 9: Msuva 3, Thuwein Ally 2, na Mkambi, Samatta, M'Mombwa na Feisal Salum moja moja. Katika michezo 13 imewahi kuwa mbele katika mitatu tu, dhidi ya Kenya, Zambia na Uganda. Ukizijumlisha dakika zote za kuongoza utapata 153. Aliyeanza kufunga katika kila mmoja wa michezo hiyo mitatu ni mtu mmoja, Msuva. Na kila mara bao la jirani lilikuja wakati miguu imechoka: dakika ya 80, ya 88 na ya 80. Ukiongeza ule mchezo wa Zambia wa mwaka 2009 niliomwomba msomaji aushike, unakuwa wa nne wa aina hiyo.

Wapo wanaosema ni bahati mbaya. Siwezi kukubali kwamba bahati inaweza kurudi kwa sura ileile mara nne. Nionavyo, tuna desturi mbili za kucheza. Dhidi ya watu wakubwa wa mbali, kama Algeria au Tunisia, wachezaji wetu huingia wakijua wao ni wadogo; hukaa nyuma, husaidiana, huhesabu dakika, na hapo ndipo tulipopata sare zetu zenye maana. Dhidi ya jirani, ile kumbukumbu ya Gossage na ya Chalenji huamka. Hakuna anayetaka kuonekana anamwogopa mtu wa Kampala au wa Nairobi. Tukishapata bao tunataka la pili, mashabiki wanalitaka, walinzi wanapanda, na mchezo unakuwa wa kukimbizana, ambao jirani anaujua sawasawa na sisi au kutuzidi. Juu ya hayo, ligi yetu, ambayo imezifikisha Yanga na Simba kwenye fainali za Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023 na 2025, imewapa wageni sehemu kubwa ya nafasi za mbele na za katikati. Mtanzania mmoja mmoja amejifunza mengi kwa kucheza nao. Lakini zile dakika 10 za mwisho, za kuutuliza mpira na kumchosha adui, mara nyingi amekuwa akizitazama akiwa kwenye benchi.

Septemba 2023 shirikisho la Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa fainali za mwaka 2027. Kufuzu, jambo lililotupa Ndola na ile siku ya Machi 2019, si mtihani kwa mwenyeji. Mchezo wa 14 wa Tanzania katika fainali hizo umepangiwa kuchezwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, na katika mashindano hayo wawili kati ya wapinzani wanaoweza kukutana nasi wamekuwa wakitujua tangu mwaka 1945.